Ndege yuko shambani kwako: nani aambiwe kwanza?

Kinangop, kule Nyandarua, kuna ndege ambaye hapatikani nje ya Kenya. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Ana kifua cha njano chenye michirizi myeusi, na maisha yake yapo chini, katika mafungu ya nyasi za nyanda za baridi. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na hifadhi za taifa hazimfai sana, kwa sababu nyasi anazozitegemea zimo karibu zote katika mashamba ya watu. Mwenye shamba akiamua kupanda viazi, mambo yamekwisha.

Tunajua alipo kwa sehemu kubwa kwa hisani ya watu wasiolipwa. Tangu 2013, mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Anayejitolea huzunguka ndani ya mraba mmoja kwa saa 2 au zaidi, akiandika kila aina ya ndege kwa mfuatano wa kuiona. Akitaja ndege asiyetarajiwa pale, taarifa yake huwekwa kando na yeye huulizwa: alikuwa na umbo gani, una picha, ulimtofautishaje na wanaofanana naye?

Ni uhakiki wa maana, ila una tundu ambalo halizungumzwi vya kutosha: humshuku ndege mgeni tu. Mtu akiwa Kinangop, akamwona ndege mwingine wa nyasini mwenye michirizi kisha akamwandika kuwa ni huyu wetu, hakuna cha kuushtua mfumo, kwa kuwa Kinangop ndiko anakotarajiwa. Yaani pale ambapo taarifa ina uzito zaidi kwa ardhi ya mtu, ndipo mlango ulipo wazi zaidi.

Halafu kuna suala la ukubwa. Mraba mmoja una eneo la takriban ekari 20,000. Kumwambia mwenye ekari 5 kwamba ndege yumo "katika mraba wako" ni sawa na kumwambia mvua imenyesha Nyandarua. Simu ya mwangalizi inaweza kuinasa nukta yenyewe, yaani mahali hasa ndege alipoonekana, lakini kinachowekwa hadharani mara nyingi ni mraba. iNaturalist, mtandao ambako watu huweka taarifa za viumbe waliowaona, huenda mbali zaidi: nukta za viumbe walio hatarini hufichwa ndani ya eneo ambalo huku kwetu karibu na ikweta lina upana wa kilomita 22 hivi.

Kuficha kuna sababu nzuri. Kobe huibwa, makinda ya kozi huibwa, okidi hung'olewa. Lakini ndege wa Kinangop haibwi na mtu. Adui yake ni jembe, na mwenye jembe ndiye anayefichwa.

Wanaotetea usiri wana jibu ambalo silidharau. Mkulima akisikia ndege adimu yuko kwake, anaweza kuhofu kwamba serikali itamzuia kulima, naye akalima usiku huohuo. Hofu kuhusu ardhi haichezewi Kinangop. Mradi wa umeme wa upepo wa takriban megawati 60 ulikwama huko 2016 baada ya upinzani wa wakazi kuhusu ardhi. Hakuna ndege aliyeuzuia.

Kwa wawekezaji, shida inageuka. Sheria inawataka wafanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kutoa leseni, na mtaalamu anayeifanya hulipwa na mwekezaji mwenyewe. Taarifa za wanaojitolea zinamrahisishia kazi, lakini mraba mtupu humponza: husomwa "hakuna ndege" ilhali maana yake yaweza kuwa hakuna aliyefika. Miraba ya karibu na Nairobi hutembelewa sana. Ya kaskazini yaweza kupita miaka. Kule Kipeto, Kajiado, penye mitambo 60 ya upepo, wapo waangalizi wanaotazama angani ili mtambo usimamishwe tumbusi wanapokaribia. Ramani haiwezi kufanya kazi hiyo. Inaweza tu kukuonyesha mahali pa kuwapeleka waangalizi.

Kwa hiyo ningepanga hivi. Mwenye shamba aipate nukta kamili kwanza, tena kutoka kwa mtu aliyekaa naye nyumbani kwake, kabla ya mwekezaji kubisha hodi na mkataba wa kukodi. Vinginevyo anauziwa mbuzi kwenye gunia. NEMA nayo ipewe nukta. Mwekezaji apate mraba pamoja na idadi ya safari zilizofanywa humo, sufuri zikiwemo, na alipie. Kwamba wapo watakaolima kwa hofu nakubali. Lakini asiyejua naye atalima, tena bila kusita.

Kinachonitatiza bado ni shamba la kukodi. Mwenye hati anaishi mjini. Anayelima amelipia msimu mmoja wa viazi. Nukta ile apewe yupi? Mimi ningeanza na aliyeshika jembe.