Microsoft na programu huria: usiulize moyo, uliza mapato

Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa akiiongoza Microsoft, aliifananisha na saratani Linux, mfumo endeshi huria, yaani ambao msimbo wake (maagizo yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Mwaka 2014 mrithi wake, Satya Nadella, alitangaza kuwa Microsoft inaipenda Linux. Wapo wanaoamini kampuni imeokoka, na wapo wanaosema ni chui yuleyule ndani ya ngozi ya kondoo. Mimi naona pande zote mbili zinachungulia moyo, ilhali jibu liko kwenye daftari la mapato.

Enzi za Ballmer, kila seva ya Linux ilikuwa leseni ya Windows ambayo haikuuzwa. Leo Microsoft inakodisha seva kupitia Azure, huduma yake ya kompyuta za mtandaoni, na mteja akiendesha Linux humo, bili inakuja tu. Hata mistari 20,000 hivi ya msimbo iliyoichangia Linux mwaka 2009 ilikuwa ya kuiwezesha iende vizuri juu ya Hyper-V, bidhaa ya Microsoft yenyewe ya kuendesha kompyuta pepe.

Hata hivyo, manufaa yapo, tena makubwa. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi tungepuuza. Yeye akafukua mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mfumo wa Linux. Aliwaokoa hata wasiolipa Azure senti.

Kinachonisumbua ni mkono unaorudi kuchukua. Oktoba 2021 Microsoft iliondoa kwenye zana huria za .NET, jukwaa lake la kutengenezea programu, uwezo wa kuona mabadiliko ya msimbo bila kuwasha programu upya, ili ubaki ndani ya Visual Studio, programu yake ya kuandikia msimbo. Wasanidi walikuja juu, na siku chache baadaye ukarudishwa. Walioshinda ni wasanidi, ila walishinda kwa kelele, na si kila kitu hupigiwa kelele.

Tazama VS Code, programu nyingine ya Microsoft ya kuandikia msimbo. Msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT, inayoruhusu karibu matumizi yoyote, lakini programu unayopakua kwao ina leseni nyingine, na duka lake la viongezi ni kwa bidhaa za Microsoft pekee. Anayetumia VSCodium, iliyojengwa kwa msimbo uleule, huelekezwa Open VSX, duka linalosimamiwa na Eclipse Foundation, shirika la programu huria. Pylance, kiongezi cha Microsoft ambacho waandishi wengi wa lugha ya programu ya Python wamekizoea, leseni yake haimruhusu kukitumia huko.