Yule Mhudumu Aliyekunjakunja Karatasi

Baridi ya Julai hapa Mbeya haina mchezo. Asubuhi moja niliingia mgahawani pale Mwanjelwa, nikashika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili huku nangoja chapati. Kijana wa kaunta alikuwa anapiga nyimbo za YouTube kwenye runinga ya ukutani, moja ikiisha nyingine inaingia yenyewe. Mara ikaingia "Take On Me" ya a-ha, wale Wanorwei watatu ninaowapenda kuliko bendi yoyote duniani. Sikusema kitu. Nilitaka nione wenzangu watafanyaje.

Tulikuwa kama watu kumi: makondakta, wanaume wawili walioleta viazi kutoka Uporoto, mama mmoja na mwanawe. Sidhani kama kuna aliyeshika maneno ya Kiingereza. Lakini hata dakika moja haijaisha, soga zilikuwa zimekatika.

Kwa ambaye hajaiona: binti kakaa peke yake mgahawani, anasoma kitabu cha katuni za mbio za pikipiki, zile zenye kiti cha abiria ubavuni. Kijana aliyechorwa kwenye katuni anamkonyeza. Kisha mkono wa penseli unatoka ndani ya karatasi, unamwita. Binti anaushika, anaingia. Humo ndani na yeye anakuwa mchoro. Wanazunguka kioo kimoja kisicho na ukuta, na ukiwatazama kupitia kioo hicho unawaona watu wa kweli, wana ngozi na nywele. Wakitoka nyuma yake wanarudi kuwa mistari.

Huku nje mhudumu analeta bili, anakuta kiti kitupu.

"Kakimbia na hela huyo!" akasema mama mwenye mgahawa wetu, chupa ya chai mkononi, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukimbiwa.

Mhudumu wa kwenye video alikasirika vilevile. Akakunjakunja kile kitabu, akakitupa kwenye pipa la takataka. Hapo mmoja wa wale wa viazi akainuka kabisa: "Mama, usitupe! Mna watu humo!"

Nimeitazama video hii sijui mara ngapi, lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini hainichoshi. Mhudumu yule hana ubaya. Hajui lolote. Amefanya ambalo mhudumu yeyote angefanya, wa London au wa hapa Kabwe, na kwa kitendo hicho kidogo cha halali ameiponda dunia nzima waliyomo watu wawili wanaopendana. Wapo maadui wa dhahiri pia, madereva wawili wenye spana ya bomba wanaokuja kuvunja kile kioo na kuwafukuza. Hao ni wa kawaida, kila hadithi inao. Mwenye kubeba hadithi hii ni mtu aliyedhani amedhulumiwa bei ya kikombe cha kahawa.

Na msinambie ni wimbo tu uliofanya kazi. Wimbo huu ulitoka mara ya kwanza mwaka 1984, ukiwa na video ya kawaida ya bendi inapiga na kuimba, na haukwenda mbali. Mwaka 1985 waliurekodi upya, na mwongozaji Steve Barron akatengeneza video hii. Oktoba mwaka huo ukashika namba moja Marekani. Kurekodi upya kulisaidia, sikatai. Sauti ile ya mwimbaji wao Morten Harket inayopanda mpaka unahisi itakatika haina mfano. Lakini watu waliukumbuka kwa ule mkono uliotoka kwenye karatasi.

Mkono wenyewe ulichorwa kwa mkono. Waigizaji walipigwa picha kwanza wakiwa watu wa kweli kabisa, Harket mwenyewe kama kijana na Bunty Bailey kama binti, kisha wachoraji Michael Patterson na Candace Reckinger wakapitisha penseli juu ya picha moja baada ya nyingine. Zilikuwa zaidi ya 3,000, wiki 16 za kazi. Ndiyo maana mistari inatetemeka kidogo, haitulii, kama inavuta pumzi. Mwaka 1986 video ilizoa tuzo sita za MTV. Ile kubwa ya video bora ya mwaka ilikwenda kwa bendi ya Dire Straits, kwa video nyingine ya Steve Barron huyohuyo! Mimi bado nasema waliwapa wasiostahili.

Ninapozitazama video za vijana wetu wa huku nyanda za juu, roho inaniuma, kwa sababu mandhari tunayo. Droni inapita juu ya Ziwa Ngosi, unaona ukungu, unaona msitu, kisha msanii kasimama ukingoni kavaa miwani. Wimbo unaisha, kasimama palepale. Hakuna aliyepoteza kitu, hakuna aliyepata. Ningetoa hata mchango wangu kwa atakayenionyesha mtu mmoja anashuka daladala Uyole akiwa na barua mfukoni, na mimi nikabaki nataka kujua inasema nini.

Lakini nirudi kwa binti. Kijana wake anachana ukuta wa karatasi, anamsukuma atoke, anabaki kupambana na wale wa spana. Binti anajikuta pembeni ya pipa, anaokota kile kitabu, anakimbia nacho nyumbani. Anakilaza, anakinyoosha kwa viganja. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa. Utotoni mandazi tulifungiwa kwenye kurasa za magazeti, na siku ikiwa ni ukurasa wa katuni za Sani, niliunyoosha hivyohivyo juu ya goti, taratibu, nisichane pale mafuta yalipolainisha karatasi, nijue iliishaje. Najua viganja vile vinatafuta nini.

Kwenye ukurasa kijana kalala, hatikisiki. Kisha anaamka, anajirusha kwenye kingo za michoro, anatokea ukumbini kwa binti, anajigonga ukuta huu na huu, mara penseli, mara nyama, mpaka anabaki mtu. Mwanzoni mwa video ya wimbo wao uliofuata anarudi kuwa mistari na kumkimbia binti, na hiyo mimi huiruka.

Wimbo ulipoisha mgahawani, chapati yangu ilikuwa imepoa. Mama aliweka chupa mezani, akafuta mikono kwenye kitenge, akamgeukia kijana wa kaunta.

"Hebu rudisha pale yule dada alipoikunja," akasema. "Nataka nione kama alifungua kwanza akaangalia."