Vyako beba mkononi, omena ya shangazi iende chini

Kila nikifungua simu siku hizi kuna mtu ananifundisha kusafiri mwepesi. Yaani begi moja ya mgongoni, tisheti tatu za rangi moja, suruali unafua kwa sinki ya hoteli, ukishuka ndege unawapita watu wamesimama kwa mkanda wa mizigo unaenda zako. Vizuri sana, lakini hao watu hawatoki Kisumu. Mtu wa Kisumu akikata tiketi ya ndege kwenda Nairobi, kabla hajafunga hata zipu ukoo mzima umeshajua, na simu zinaanza. Shangazi ana omena kidogo, wale dagaa wa ziwa, ya kumpelekea binti yake mtaa wa Umoja huko Nairobi, jirani ana unga wa wimbi, mama mkwe amekaanga samaki, ngege, na anasema "haina uzito hata, wewe shika tu". Sasa tisheti tatu zitanisaidia na nini hapo?

Kwa hivyo mimi swali la mkononi ama chini ya ndege siliangalii kwa ukubwa wa begi, naangalia mwenye vitu ni nani. Vikiwa vyako, vibebe mkononi hata kama tiketi yako inakuruhusu kilo 23 za chini. Vikiwa vya watu, viende chini, ama visipande ndege kabisa vipande basi. Wanaochanganya hizo mbili kwa begi moja ndio utawakuta wamechutama mbele ya kaunta, begi wazi, wanatoa chupi na samaki pamoja huku laini nzima inaangalia.

Tuanze na kilo 7, maana ndizo zinaleta kelele. Mashirika mengi ya bei nafuu yanakupa kilo 7 za mkononi, ukitaka kupeleka begi chini unalipia. Watu wakisikia kilo 7 wanadhani ni za nguo, kumbe begi yenyewe imo. Ile sutikesi ngumu inayong'aa ukiipima tupu inakaribia kilo 3, laptopu na chaja yake weka kilo 2, umebaki na kilo 2 na viatu bado viko kitandani. Mimi kwa safari za hapa ndani magurudumu niliachana nayo, na si kwa sababu ya uzito peke yake. Kuna shirika, acha nisilitaje, lilinirudishia begi ikiwa na gurudumu moja, nikauliza, nikaambiwa huo ni uchakavu wa kawaida. Gurudumu kung'oka na kipande cha plastiki ni uchakavu wa kawaida! Siku hizi natumia begi ya kitambaa ya mgongoni, ile ya wanafunzi, haifiki kilo moja na hata ikijaa haivutii macho ya mtu wa mizani. Na kama ni lazima ulipie kilo za chini, lipia wakati unakata tiketi, usingoje kaunta. Bei ya kaunta ni ya mtu ambaye hana pa kukimbilia.

Halafu kuna hii ya ngazini, ambayo hao wa video hawaisemi. Ndege nyingi zinazotua Kisumu si zile kubwa. Dash 8, ile yenye injini mbili za mapangaboi, vikabati vyake vya juu ni vidogo kweli, begi iliyoingia vizuri kwa ndege ya Dubai hapo haiingii hata ukiisukuma na goti. Kwa hivyo umepita skana, umeringa na begi yako ya mkononi, umetembea kwa lami jua la ziwa likikuchoma kisogoni, ukifika kwa ngazi kuna kijana amevaa kile kizibao cha kung'aa anaiangalia mara moja tu anasema, "Boss, hii acha hapa." Anaifunga lebo inaenda chini, bure. Hulipi kitu na mara nyingi unaipata salama. Shida ni kilichoko ndani, maana uliipanga ukijua ni ya mkononi, kwa hivyo ndani kuna laptopu, kuna dawa za presha za mzee, kuna pawabenki, na hapo chini ya ngazi watu wako nyuma yako wanapumua.

Hiyo pawabenki usikubali iende chini hata siku moja, na hapa askari hawakuonei, ni kanuni ya usafiri wa ndege dunia nzima. Betri ya lithiamu ikiharibika inaweza kuwaka yenyewe, na ikiwaka juu mlipo wahudumu wataiona na kupambana nayo, lakini ikiwaka kule kwa mizigo ndege ikiwa hewani hakuna mtu atafika. Kipimo cha kawaida ni wati-saa 100, ukizidisha hapo mpaka 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Hesabu yake si ngumu, ile iliyoandikwa 20,000 mAh zidisha 20 kwa 3.7, volti za betri, unapata wati-saa 74, uko sawa. Ya 30,000 inakupa 111, hapo uliza kwanza. Zile za barabarani zimeandikwa 50,000 na ukiishika ni nyepesi ajabu, hizo namba mimi siziamini, lakini mtu wa usalama atasoma kilichoandikwa. Dawa yangu ni kimfuko kidogo cha kuvuta kamba ndani ya begi, simu, pawabenki, dawa, kitambulisho na laptopu zote humo, kijana akisema acha hapa natoa kimfuko napanda.

Kitu kingine, watu wetu wanaogopa mahali si pake. Unamkuta mtu anaenda Nairobi tu anakumbatia begi mpaka anakaa nayo miguuni kwa sababu "watapoteza", halafu huyo huyo akienda Minnesota kumuona mtoto anatupa kila kitu chini, hadi cheti cha ndoa. Ni kinyume kabisa. Mizigo mingi ikipotea hupotelea pale ndege zinapobadilishwa. Kisumu na Nairobi ni ndege moja ya chini ya saa moja, begi inatolewa kwa kaunta inapelekwa kwa ndege hiyo hiyo unayoiona dirishani, ni wapi itapotelea? Lakini Kisumu, Nairobi, Amsterdam, Minneapolis, hapo begi inashikwa na mikono mingi, na ndege yako ya kwanza ikichelewa wewe unaweza kukimbia ufike mlangoni, begi haikimbii. Safari kama hiyo mkononi weka nguo za kubadilisha, dawa, makaratasi yote. Na usiondoke kaunta kabla hujasoma lebo waliyofunga. Herufi tatu kubwa za uwanja wa mwisho ndizo mahali begi inaenda, KIS ni Kisumu, NBO ni Nairobi, AMS, MSP na kadhalika. Kama tiketi ulikata mbili tofauti begi itaishia Nairobi na wewe ndiye wa kuitoa na kuichekini upya. Na Marekani hata kama lebo inasema mpaka mwisho, kwa kawaida uwanja wa kwanza unapoingilia unaitoa, unapita nayo forodha, unairudisha kwa mkanda.

Kwa haki niseme hata hizi safari fupi begi huachwa saa zingine, sana sana Desemba. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na hewa ya juu ikichanganyika na joto la mchana inapunguza uzito ambao ndege inaweza kuruka nao, kwa hivyo ikijaa sana mizigo mingine inangoja ndege inayofuata. Ikikutokea usitoke nje kwenda kupigia watu simu ukilia. Nenda kwa dawati la mizigo hapo hapo ndani, jaza fomu ya kuripoti, chukua namba, na ile karatasi ndogo uliyobandikiwa kwa pasi ya kupandia uitunze. Kwa safari za nje ya nchi kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, Kenya imo. Begi ikipita siku 21 bila kuonekana una haki ya kuidai kama iliyopotea, na iliyoharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Kiwango cha juu kilipandishwa mwisho wa 2024 kikawa vipimo 1,519 vya SDR, ile sarafu ya hesabu ya IMF, ni kama dola elfu mbili na kidogo. Ni kiwango cha juu lakini, hulipwi tu kwa sababu umesema. Lazima uonyeshe ulikuwa na nini.

Sasa sheria yangu ya "vya watu viende chini" ina kitu kimoja kinaivunja, matanga. Mtu yeyote aliyepanda ndege ya kuja Kisumu Alhamisi ama Ijumaa anajua, nusu ya abiria wanaenda kuzika. Na vile vijitabu vya mazishi, vyenye picha za marehemu na historia yake, mara nyingi vimechapishwa Nairobi na vinakuja na ndege. Karatasi inayong'aa ni nzito balaa, vijitabu mia mbili vinaweza kumaliza kilo zako zote kabla hujaweka mswaki. Si vyako, ni vya familia, lakini mazishi ni Jumamosi asubuhi Ugenya ama Butere huko ndani, vikifika Jumamosi jioni ni vya kuwashia moto. Hivyo vibebwe mkononi. Nimeona familia moja wakifanya vizuri, walikuwa wengi kwa ndege moja, kila binamu akapewa bunda lake, hakuna aliyezidisha kilo, na hata mmoja angebaki Nairobi vingine vingefika. Suti ya bwana harusi pia iko hapo, na cheti cha mtu anayeenda intavyuu.

Turudi kwa shangazi. Shangazi haji na kifurushi, anakuja na ndoo. Ile ndoo ya rangi ya lita nne, imeoshwa ikaoshwa lakini jina la rangi bado linasomeka, kifuniko kimekazwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, ndani omena imekaushwa mpaka inalia. Anakuketisha anakwambia, "Mwanangu, hii uiweke juu yako, usiwape hao watu." Hapana shangazi, hawa watu ndio tunawapa. Omena haijali umeifunga na nini, ikikaa kwa kikabati dakika hamsini hewa imefungwa, abiria wa safu tatu watajua unatoka wapi. Chini haimsumbui mtu, ila ifunge kwa gazeti kwanza, kisha gunia, na ndoo iwe ndani ya begi nyingine kwa sababu ikipasuka itanuka kwa sutikesi ya mtu mwingine na huyo mtu ana haki ya kukasirika.

Kama unaenda ng'ambo shangazi usimbebee kitu kilichofungwa bila kufungua, sijali ni shangazi ama ni pasta. Utaulizwa kama begi umeipanga mwenyewe na kama kuna mtu amekupa kitu, na jibu lako ndilo litakushika, si lake. Mwambie kwa adabu, "Shangazi, naomba tufungue tuone pamoja, huko wanauliza sana." Atanuna kidogo. Na asali, samli, siagi ya njugu, hata mursik, yale maziwa ya mgando, kwa wale wa Eldoret, zote kwa kanuni za ndege za nje zinahesabiwa kama vimiminika, mililita 100 kwa chombo basi. Kanuni hiyo ilikuja 2006 baada ya ile njama ya kulipua ndege kwa vinywaji kugunduliwa London, na ingawa viwanja vingine Ulaya vimeanza kulegeza, kinachokuhusu ni kila uwanja unaopandia, si kule unakoenda peke yake. Hizo weka chini. Nyama na maziwa Uingereza hawataki kabisa kutoka kwetu, Marekani kuku wako wa kienyeji watamtupa. Huko chakula chochote ulichobeba kitangaze kwa fomu ama kwa mdomo, afadhali wakutupie kuku kuliko wakupige faini kwa kuficha.

Kwa Nairobi lakini, mimi ninachofanya sana siku hizi ni mizigo ya watu kuipeleka ofisi ya vifurushi ya basi jioni, basi linaondoka usiku, asubuhi mwenyewe anapigiwa simu anaenda na kitambulisho kuchukua huko mjini. Bei haikaribii ile ya kilo za ziada za ndege, na mimi napanda na begi yangu ya mgongoni. Andika jina kama lilivyo kwa kitambulisho, si "Mama Brayo", na namba ya simu iandike kwa ndoo yenyewe na kalamu ya wino mzito, maana karatasi hubanduka. Epuka kutuma Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku hiyo ofisi inajaa magunia mpaka nje kwa veranda na omena ya shangazi itakaa hapo mpaka Jumapili.