Miaka 52 ya William Foster: bendi aliyoijenga na swali aliloliacha

Kijana mmoja mweusi aliyekuwa akisoma muziki katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alimweleza mkuu wa kitivo chake kwamba ndoto yake ni kuongoza okestra. Akaambiwa aisahau, kwa kuwa kazi ya uongozaji haipo kwa watu wa rangi yake. Kijana huyo, William P. Foster, alihitimu mwaka 1941 akiwa na nia moja: kama hawatampa bendi yao, atajenga bendi ya watu weusi isiyopungua kwa lolote mbele ya bendi yoyote ya wazungu. Mwaka 1946 alipokelewa Florida A&M, chuo cha watu weusi mjini Tallahassee kilichoanzishwa mwaka 1887, na akaiongoza bendi yake hadi mwaka 1998.

Walimu wa muziki wanapozungumzia kazi yake wamegawanyika. Wapo wanaomweka juu kabisa ya waongozaji wote wa bendi za vyuo wa karne ya 20. Wapo pia wanaosema kwamba bendi aliyoijenga ilikuja kubeba uozo ambao hatimaye ulimuua mwanafunzi, na kwamba huwezi kulisifu tunda ukaacha kuuliza kuhusu mti. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu na sidhani kama upande wowote unastahili kupuuzwa.

Nieleze kwanza ni bendi ya namna gani, maana kwetu neno bendi linaleta picha ya gitaa na ukumbi wa dansi. Hii ni bendi ya matarumbeta, tromboni, saksafoni, klaineti, ngoma na matoazi, mamia ya vijana ndani ya sare, wanaoingia uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Chukua matarumbeta ya harusi, changanya na halaiki ya sherehe za Uhuru, kisha weka juu yake kwata ya jeshi. Hapo umekaribia.

Kabla ya Foster, bendi nyingi za vyuo zilishika mtindo wa jeshi: mistari iliyonyooka, nyimbo za gwaride, herufi za jina la chuo zikichorwa uwanjani kwa miili ya wanafunzi. Foster hakuitupa kwata. Aliikaza zaidi, kisha akaongeza vitu ambavyo havikutarajiwa: nyimbo za watu weusi zilizokuwa zikitamba redioni, hatua za polepole mno zinazofuatwa ghafla na hatua za mbio, goti linalopandishwa mpaka paja linalingana na kiuno, na mwishoni dansi ya bendi nzima. Kufikia mwaka 1950 wanabendi walikuwa wamevuka mia, na ndipo likazaliwa jina la Marching 100 ambalo limebaki hata idadi ilipofika mara tatu au nne ya hiyo.

Wapo wanaomwita Foster mpiga debe wa maonyesho tu. Hao hawajawahi kujaribu alichokidai kwa wanafunzi wake. Nilipokuwa kijana nilipiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wa Kilutheri, upande wa Kilimanjaro. Tulikuwa tukisindikiza jeneza kwa mwendo wa taratibu kabisa, na bado kila nilipokanyaga shimo, chuma cha mdomoni kilinigonga kwenye meno na nota ikakatika. Tarumbeta inasikika kwa sababu midomo inatetema ndani ya kile kikombe kidogo. Kikisogea kidogo tu, sauti inapasuka. Sasa fikiria kijana anayepandisha goti hadi kiunoni, mara mbili au tatu kwa sekunde, anageuka nyuzi tisini, anatazama mstari wake kwa pembe ya jicho, na chombo chake hakitikisiki. Kuanzia kiunoni kwenda chini anakimbia. Kuanzia kifuani kwenda juu amesimama kama mnara. Hilo halipatikani kwa kelele na mbwembwe. Linataka mwalimu anayejua pumzi inatoka wapi na anayeweza kuligawa zoezi gumu katika vipande ishirini vyepesi.

Na Foster alikuwa mwalimu huyo. Alichukua shahada ya udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1955, akiwa tayari na bendi inayojulikana. Mwaka 1968 alichapisha kitabu cha kufundishia maonyesho ya bendi za uwanjani, kikiyachukulia kama somo lenye kanuni zake. Mwaka 1985 bendi yake ilipewa tuzo ya Sudler, tuzo kubwa ya bendi za gwaride za vyuo vya Marekani, ambayo katika miaka mitatu iliyotangulia ilikwenda kwa vyuo vikuu vya Michigan, Illinois na Ohio State. Chuo chake kikawa chuo cha kwanza cha kihistoria cha watu weusi kuipata. Baadaye aliongoza chama cha waongozaji wa bendi wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1929, akiwa rais wake wa kwanza mweusi.

Pingamizi la kwanza dhidi yake ni la kisanii. Mwaka 1952 Frederick Fennell, katika shule ya muziki ya Eastman mjini Rochester, aliunda kundi dogo la vyombo vya kupuliza ambamo kila sauti ina mpigaji wake mmoja, hakuna wa kumficha, na muziki ni ule ulioandikwa na watunzi kwa ajili ya kusikilizwa. Wafuasi wa njia hiyo huuliza: kijana aliyepoteza saa nyingi za juma kwenye nyasi akijifunza kugeuka, atajifunza lini kusikiliza? Swali ni la haki. Uwanjani sauti lazima iwe kubwa ili ifike jukwaa la mbali, na mazoea ya kupiga kwa nguvu huua masikio. Jibu la Foster lilikuwa kwamba aliongoza pia bendi ya kuketi ukumbini, na alitaka uwanja na ukumbi vifanye kazi pamoja. Hapa mimi niko upande wake, kwa sababu ya wanafunzi aliokuwa nao. Wengi walitoka shule maskini za Kusini mwa Marekani zilizotengwa kwa rangi. Kuwaambia waanze na muziki wa kundi dogo kama la Fennell ukumbini kungekuwa kuwafungia mlango wengi wao. Uwanja uliwaingiza wote.

Pingamizi la pili nalipitia haraka: kwamba kucheza dansi mbele ya umati wa wazungu kulithibitisha dhana zao kuhusu watu weusi. Tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, bendi ya Foster ndiyo iliyoiwakilisha Marekani katika gwaride la Paris, na vijana wake wakateleza kinyumenyume kwenye Champs-Élysées wakipiga muziki wa James Brown. Sioni udhalili hapo. Pwani yetu nayo ilipokea bendi za kijeshi za wakoloni, ikageuza neno likawa beni, ikavaa vyeo na sare kwa namna yake, na ngoma ikawa ya wenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo linalonikosesha raha.

Tarehe 19 Novemba 2011, baada ya mechi ya Florida Classic mjini Orlando, Robert Champion, mmoja wa viongozi wa gwaride wa Marching 100, mwenye umri wa miaka 26, alipitishwa ndani ya basi la bendi lililoegeshwa hotelini huku wenzake wakimpiga tangu mbele mpaka nyuma. Alikufa usiku huo. Daktari wa serikali alisema ni mauaji: alivuja damu ndani ya mwili kutokana na kipigo. Kila aliyelala bweni anajua mateso ya kumpokea njuka. Hili lilikuwa la watu wazima, na Champion hakuwa hata mgeni. Wenzake walisema kupita kwenye basi hilo ndiko kulikomletea mtu heshima.

Foster alikuwa amefariki Agosti 2010. Watetezi wake husema hapo ndipo mjadala unapoishia: hakuwepo. Wanaongeza kwamba kaulimbiu ya bendi inaweka tabia njema mwanzo kabisa, kabla ya masomo, uongozi, umahiri wa muziki na gwaride. Ni kweli. Lakini mwaka 1998, mwaka uleule alioondoka kazini, mpiga klaineti mmoja wa bendi hiyo alilazwa hospitalini baada ya kuchapwa vibao mamia ya mara. Mwaka 2001 mpiga tarumbeta mwingine aliumizwa figo. Mambo ya namna hii hayaoti kwa msimu mmoja. Ndani ya bendi kulikuwa na vikundi vya siri, vingine vya wale waliotoka jimbo moja, vyenye sheria na viapo vyake.

Ninavyoona, Foster hakufundisha kupiga watu, ila njia yake ilitegemea kitu ambacho wapigaji nao walikitegemea. Bendi ya mamia haifanyi kosa moja uwanjani kwa sababu kila mmoja ametii bila kuuliza, ameamka alfajiri, amekubali maumivu kama bei ya kuingia, na anaogopa kuwaangusha wenzake kuliko anavyoogopa kitu kingine chochote. Moyo huo ukiwa mikononi mwa mwalimu mwenye udaktari wa elimu, unazaa maajabu. Ukishuka mpaka kwa kijana wa mwaka wa tatu ambaye naye aliteswa, ndani ya basi lisilo na mwalimu, unakuwa kitu kingine. Waongozaji wakali wapo kila mahali. William Revelli, mwongozaji wa bendi ya Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa akitetemesha watu kwa miaka 36. Tofauti ni kwamba Tallahassee ukali huo ulirithiwa na wanafunzi wenyewe, nao wakautumia gizani.

Ukubwa nao ulichangia, na hili naona halisemwi vya kutosha. Uchunguzi wa baada ya kifo ulionyesha kwamba baadhi ya waliovaa sare ya machungwa na kijani hawakuwa hata wanafunzi wa chuo hicho. Onyesho lilitaka watu wengi, na mlango ukaachwa wazi. Foster aliijenga bendi ambayo mwongozaji wake anamjua kila mpigaji. Warithi wake walipokea bendi ambayo hakuna mtu mmoja angeweza kumjua kila aliyemo.

Bado siwezi kuifuta kazi yake kwa basi lile. Katika mji baada ya mji wa Florida na Georgia, mwalimu wa bendi wa shule ya sekondari alikuwa zao lake: mtu anayempa mtoto wa miaka kumi na miwili klaineti ya shule na kumwonyesha mahali pa kuweka ulimi. Foster mwenyewe alianza klaineti akiwa na umri huo. Hawa walimu hawakupigiwa makofi Paris, na kwangu wao ndio hoja nzito kuliko tuzo ya Sudler. Aliyeambiwa kwamba kazi haipo kwa watu wa rangi yake aliwatengenezea wengine mamia ya kazi hiyohiyo.

Marching 100 ilisimamishwa, na iliporudi uwanjani mwaka 2013 ilikuwa ndogo zaidi. Sharti la kwanza likawa kila mwanabendi awe mwanafunzi kamili wa chuo, na saa za mazoezi zikawekewa kikomo. Goti bado lilipanda hadi kiunoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mwongozaji alikuwa na orodha ya majina ambayo angeweza kuimaliza.