Fundi, hebu weka hiyo bisibisi chini

Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, vingine vyote vina masizi na sabuni ya mche imeshindwa kuyatoa. Fundi kaondoka sa hivi hapa. Kaondoka na hela.

Sina haja ya kuwaeleza kwa nini mtu mzima anamiliki jenereta. Kangu ni kale kadogo ka kuchanganya oili na petroli, kanaendesha tivii na king'amuzi kwenye banda langu la mpira, ambalo wenye wivu wanaliita kibanda umiza ila mimi mkurugenzi wake naliita ukumbi. Sasa siku hizi kanawaka vizuri tu, ukikapa mzigo kanaguna, moshi mzito, halafu ukikazima hakazimiki, kanatatarika kwanza peke yake ndo kanatulia, maana kaboni iliyoganda ndani inakuwa ya moto mpaka inawasha petroli bila kusubiri plagi. Na kaboni imetoka wapi, imetoka kwa dogo anayenisaidia. Kitabu cha jenereta kinasema 50 kwa 1, yaani lita moja ya petroli mililita 20 za oili, nimemnunulia mpaka bomba la sindano famasi apimie, yeye anapima kwa jicho. Tena siku nyingine anaenda kijiweni kuomba oili iliyomwagwa kwenye bodaboda, eti bosi, oili si oili tu.

Wife anasema nikauze. Nani anunue!

Basi fundi kaja saa nane, tuliahidiana saa tatu. Kakasikiliza, kafumba macho. "Bosi, hii imeshiba kaboni." Nikamwambia najua fundi, ndo nimekuitia hiyo. "Tufungue hedi," yaani kile kifuniko cha juu ya injini. Fungua. "Petroli ya kuoshea." Nikatoa lita moja, ikamiminwa kidogo kwenye kopo la siagi, iliyobaki na chupa yake ikaingia chini ya siti ya pikipiki yake, mimi naangalia, mkurugenzi mzima.

Nati nne tu, hedi ikatoka. Ndani limeganda gamba jeusi, limekauka limepasukapasuka, pale kwenye tundu la plagi ndo limenenepa kabisa. Pistoni iko chini. Kwa heshima zote nikamwambia fundi ipandishe kwanza juu, uzibe pembeni kwa kitambaa, uchafu usidondokee kwenye yale matundu ya ubavuni. Akaniangalia. "Bosi, umesomea?" Sijasomea. "Haya."

Akatoa bisibisi ya bapa. Krrrrr! Chuma juu ya alumini, ile sauti inaingia mpaka kwenye meno, na kila ilipopita panabaki mstari unang'aa. Fundi, ukikwaruza hivo masizi yanapata pa kushikia upya, na ukigusa ule uso unaokaa na gasketi upepo utavuja, nitavuta kamba mpaka bega litoke. Hasikii. Akapuliza kwa mdomo, masizi yote kwenye shati langu jeupe la kikao cha harusi.

Kufika hapo washauri wameshajaa. Mmoja anasema msasa, mwingine maji ya betri, maji ya betri kwenye alumini jamani, huyo nilimuomba arudi kwao.

Kumbe muda wote huo salensa fundi alishaichomoa na kuipeleka kwa mama ntilie, kaiweka kwenye jiko la mkaa pembeni ya maharage ili kaboni ya ndani iungue. Hakuomba! Tukasikia kelele, mama huyo anakuja, salensa kaibana na koleo inafuka moshi, wateja wake wanakohoa nyuma. Tukajua leo mtu anapigwa. Lakini alipofika macho yakatua kwenye hedi mkononi kwa fundi, akanyamaza.

"Hiyo si alumini hiyo? Unaiparua na chuma?"

"Mama, hii injini."

"Injini nini, alumini ni alumini. Iloweke ilale, kesho gamba limelainika unaliparua kwa mti. Kwenu hamkuwa na sufuria?"

Akaenda akarudi na mwiko uliovunjika, akanipa mimi, fundi hakumpa. Fundi akafuta mikono taratibu kabisa, akasema kama kazi ina mainjinia wengi basi yeye apewe chake. Chake kipi? Cha kufungua! Kufungua hela yake, kusafisha hela yake, kufunga hela yake, na gasketi iliyochanika alishasema atanikatia ya boksi la biskuti. Hivi jamani mbona kila kitu tunachomiliki lazima kiparuliwe na bisibisi, rimoti bisibisi, mlango bisibisi, simu yangu ilifunguliwa na bisibisi ya pikipiki, hakuna mtu ana dakika tano za kukaa na kitu taratibu? Nimelipa. Nimechoka.

Hedi ipo kwenye ndoo ya petroli sa hivi, na Jumapili ni dabi ya Kariakoo, watu wa Simba na Yanga siku hiyo hawaelewi habari ya kuloweka, wana mia tano zao wanataka picha.

Ila nimepita kwa mama ntilie kushukuru, kumbe mwiko kauandika kwenye daftari la madeni. Sawa, nitalipa mwiko. Lakini juu ya mwiko kuna wali samaki, chini yake wali samaki tena, jina langu. Mimi mtu wa ugali maharage, mtaa mzima unajua, samaki ananikwama mimi. Nimempigia dogo. Simu inaita, hapokei.