Njia ya baiskeli Shinyanga hadi Maganzo: ijengwe, lakini si yote

Simama Ibadakuli alfajiri, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, utawasikia kabla hujawaona. Mnyororo mkavu unalia, keria inalalamika, kisha anatokeza mtu anasukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa: mawili ubavuni, moja juu. Lori la Mwanza likipiga honi, hageuki hata kutazama. Anashuka tu kutoka kwenye lami. Ukingo wa lami pale umelika, umebaki kama ngazi yenye kina cha kiganja, na kinachoumia ni rimu ya nyuma. Fundi aliye karibu na hapo aliwahi kuniambia kwamba spoku anazibadilisha mara nyingi zaidi kuliko anavyoziba pancha.

Basi kuna hoja ambayo sisi watu wa huku tunaipenda: ijengwe njia ya baiskeli, mbali kidogo na lami, itoke mjini ipite Ibadakuli na Kolandoto hadi Maganzo, mji mdogo ulio kwenye barabara hiyo ya Mwanza. Baiskeli kwetu si mchezo wa Jumapili. Shinyanga ukisema daladala, unaweza kuulizwa kama ni ya gari au ya baiskeli. Mgonjwa hupelekwa hospitali ya Kolandoto juu ya keria, maziwa huingia mjini juu ya keria. Wazee wetu walilipia hadi kibati cha leseni ya baiskeli, na sijui ni barabara gani waliyojengewa kwa hela ile.

Na ardhi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Zile alama za X nyekundu zilizochorwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi, zikawatoa watu jasho, ndizo zilizolinda nafasi hiyo. Njia ya upana wa mita mbili inaingia humo bila kumgusa mtu shamba.

Jamaa yangu mmoja mhandisi hakubali. Wala habishi kuhusu ajali, kilichomshughulisha ni udongo. Eneo kubwa la huku ni mbuga, ule udongo mweusi unaofura masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa. Lami nyembamba ukiimwaga juu yake, misimu miwili mitatu tu inakuwa vipande. Lazima uchimbe, uutoe, ulete kifusi kutoka mbali, uweke na makaravati. Kwa hesabu yake, njia hiyo "ndogo" itakula fedha ambazo zingepanua mabega ya barabara yenyewe, na lori nalo likafaidi.

Kwenye udongo nampa haki yake. Kwenye mabega simpi. Bega la barabara zetu ni gereji: lori likiharibika linaegeshwa hapo siku mbili, matawi ya miti yametandikwa nyuma yake kama onyo. Basi likitaka kupita lenzake, bega ndiyo njia ya tatu. Ukilipanua umewapanulia wao.

Hofu yake nyingine ni nzito zaidi. Kenya ilimaliza Barabara Kuu ya Thika mwaka 2012, kama kilomita 50 kutoka Nairobi, ikiwa na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Sehemu kadhaa zimegeuka meza za wachuuzi na vichochoro vya bodaboda. Huku kwetu ongeza na ng'ombe. Tena nani atawafukuza? Barabara kuu ni ya TANROADS, vijia vya vijijini ni vya TARURA, na kituo cha mabasi ni cha halmashauri. Njia inayopita kwa wote watatu itaota majani huku barua zikizunguka.

Baada ya ubishi wote huo nimeipunguza hoja yangu. Nikiangalia wanaopita Ibadakuli, wachache wanatoka Maganzo. Wengi wanatoka vijiji vya karibu, na msongamano wao uko kwenye kilomita chache za kuingia mjini, halafu tena karibu na Kolandoto, halafu Maganzo penyewe. Katikati, baiskeli ni za kuhesabu. Vipande hivyo vitatu ndivyo vya kujenga, kwa kifusi kilichoshindiliwa vizuri na vigingi vya zege vya kuzuia gari.

Kilichobaki cha fedha kiende mbali kabisa na lami, kwenye makorongo ya vijijini. Muuza maziwa wa kijiji cha ndani, mvua ikinyesha, halikuti lori. Anakuta maji. Anavua viatu, anabeba baiskeli begani, anarudi kuchukua madumu, na akifika mjini wateja wameshanunua kwa mwingine. Kivuko cha zege chenye upana wa baiskeli mbili kingemtosha, na hata jamaa yangu mhandisi, nilipomtajia, aliomba kalamu akaanza kuchora.