Nutrino na bahari ya Malindi

Asubuhi moja ufuoni Malindi nilimkuta mvuvi akipaa changu, nikamweleza habari za nutrino, chembe zinazotoka kwenye jua. Nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba chake, umeganda magamba: hapo tu hupita takriban bilioni 65 kila sekunde, wala hausikii kitu. Akaniuliza, "Na petroli ya mashua zitaishusha bei, mwanangu?"

Hazitaishusha. Swali lake ni la haki, na anayemjibu kwa kumwahidi faida za kesho hamtendei haki. Mradi wa DUNE wa Marekani, utakaopitisha nutrino kilomita 1,300 chini ya ardhi, unagharimu zaidi ya dola bilioni 3. Simwombi mtu wa pwani hii achangie hata ndururu.

Lakini kusema hayatuhusu, hilo silikubali. Raymond Davis alizamisha tangi la lita 380,000 za dawa ya kusafishia nguo ndani ya mgodi wa dhahabu huko South Dakota, ahesabu nutrino za jua. Akapata kama theluthi tu ya zilizotarajiwa. Miaka thelathini watu wakabishana: wengine wakalaumu hesabu za jua, wengine tangi. Kumbe vyote viwili vilikuwa sawa! Nutrino ni za aina tatu na hugeuka aina njiani. Tangi lilinasa aina moja tu. Super-Kamiokande, mtambo wa kunasa nutrino huko Japani, ulionyesha mgeuko huo mwaka 1998 kwa nutrino za angahewa, kisha mtambo wa Sudbury, Kanada, ukamaliza ubishi wa zile za jua. Na chembe isiyo na masi, yaani isiyo na uzito wowote, haiwezi kugeuka hivyo, kwa hiyo nadharia iliyodhani hazina masi ikapasuka ufa.

Davis alitunukiwa Nobel mwaka 2002 pamoja na Masatoshi Koshiba na Riccardo Giacconi. Huyu Giacconi alituzwa kwa utafiti wa eksirei za angani, na setilaiti yake, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia la kurushia setilaiti, bahari hii hii yetu. Siku ilikuwa yetu, kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na jina letu.

Hapo ndipo manung'uniko ya mvuvi yanapokuwa mazito kuliko petroli. Wengi wetu tumekua tukiliona jukwaa lile kama vyuma vya kupitwa na ngalawa. Mkataba wa kituo hicho cha San Marco ukijadiliwa tena, nataka nafasi za masomo ya fizikia kwa watoto wa Malindi na Magarini ziandikwe humo kwa idadi, na ada nani analipa.